Wao wanapunguza mabamba, sisi tunaongeza: historia fupi ya springi za nyuma, kutoka mashindano hadi barabara ya Kibati

Hivi karibuni nilisimama kwenye garaji moja ya kando ya barabara hapa Kibati. Fuso iliyotoka upande wa Rutshuru ilikuwa imeinuliwa juu ya mawe, magurudumu ya nyuma yametolewa. Mzee fundi alikuwa chini yake, anaongeza bamba jingine kwenye springi ya kushoto. Kijana anayemsaidia, mtoto wa familia iliyokimbia kutoka Kibumba, alinionyesha video kwenye simu. Ilikuwa gari la zamani la Marekani, la mashindano ya kukimbia moja kwa moja kwenye barabara iliyonyooka. Mafundi wa gari hilo walikuwa wanatoa springi nzito za nyuma na kuweka nyepesi.

Kijana akaniuliza: "Yaya, wao wanatoa chuma, sisi tunaongeza. Nani anakosea?"

Mzee akajibu akiwa bado chini ya gari: "Mwambie hao hawabebi makala."

Tulicheka, lakini swali lile nilienda nalo nyumbani. Redioni sikupata dakika za kutosha kulijibu. Ninaliandika hapa kwa ajili ya yule kijana, kwa madereva wanaotusikiliza, na zaidi kwa familia ambazo zimehama na kuhama tena kwenye barabara hii, zikiwa juu ya mizigo, juu ya springi ambazo hakuna aliyewaambia habari yake.

Tuanze na kitu chenyewe. Springi, ama resore kama tunavyosema Goma, ndiyo inayokaa kati ya uzito wa gari na magurudumu. Kwenye malori na pikapu nyingi, springi ya nyuma ni rundo la mabamba ya chuma yaliyopinda kama upinde. Bamba refu la juu lina tundu kila upande, na kwa matundu hayo linashikwa kwenye chasi. Mengine yanafuata chini yake, kila moja fupi kuliko la juu yake, na boloti moja ya katikati inayafunga yote. Ekseli ya nyuma, ile mafundi wetu wanaita ponti, inabanwa hapo katikati.

Kwa nini mabamba mengi membamba, na si moja nene? Hapa kuna hesabu ndogo ambayo kila fundi anaijua kwa mikono hata kama hakuisoma shuleni. Ukichukua bamba na kuongeza unene wake mara 2, uzito wake unakuwa mara 2, lakini ugumu wake unakuwa mara 8. Linakuwa gumu kupita kiasi, na ukililazimisha lipinde kama lile jembamba, linaumia zaidi ndani na linakatika mapema. Mabamba mengi membamba yanagawana kazi. Yanapinda vya kutosha bila kukatika, na yanaposuguana yanapunguza kurukaruka kwa gari.

Hekima hiyo ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mabehewa ya farasi ya Ulaya yalikuwa na springi za mabamba, na mwanzoni mwa karne ya 19 huko Uingereza Obadiah Elliott alizitengeneza kwa namna iliyofanya behewa kuwa jepesi, kwa sababu halikuhitaji tena mbao nzito chini yake. Kampuni ya Ford ilipotoa Model T mwaka 1908, iliweka springi moja ya kukingama mbele na moja nyuma. Gari hilo liliuzwa kwa wakulima wa Marekani ambao barabara zao zilikuwa matope na mashimo. Springi laini na gari jepesi vililipitisha mahali ambapo magari mazito yalikwama.

Sasa tufike kwenye video ya kijana. Mashindano yale yalianza na vijana wa Marekani waliokuwa wanatengeneza magari yao wenyewe. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA ili mbio zile zitoke barabarani na zipate sheria. Magari mawili yanasimama sambamba, yanakimbia robo ya maili, yaani mita 402 hivi, na la kwanza kufika linashinda. Hakuna kona wala mlima. Kila kitu kinaamuliwa na jinsi gari linavyoondoka.

Gari linapoondoka kwa nguvu, uzito wake unarudi nyuma. Pua inainuka, mkia unashuka, na magurudumu ya nyuma yanakandamizwa kwenye lami. Ndiyo maana springi za nyuma zina kazi kubwa kule. Zikiwa ngumu mno, gurudumu linarukaruka na linapoteza lami. Zikiwa dhaifu mno, ekseli inajizungusha, springi inajikunja kama herufi S, na gurudumu linadunda vilevile. Ongeza na jambo hili: nguvu ya injini inapopita kwenye shafti kwenda nyuma, inaelekea kupunguza uzito kwenye gurudumu la nyuma la kulia. Kampuni ya Chrysler, katika miaka ya 1960, ilitoa springi za mashindano ambazo upande wa kulia haukuwa sawa na wa kushoto, na sehemu ya mbele ya kila springi ilikuwa fupi na ngumu kuliko ya nyuma, ili ekseli isijizungushe.

Na wepesi? Kila kilo inayotoka kwenye gari la mbio ni kilo ambayo injini haina haja ya kuisukuma. Kilo inayotoka karibu na magurudumu ina faida mara mbili, maana gurudumu jepesi linafuata ardhi vizuri. Kwa hiyo ni rahisi kusema: toa mabamba, bakisha moja. Kampuni ya Chevrolet ilijaribu hivyo kwenye gari la kawaida. Camaro ya kwanza, ya mwaka 1967, iliuzwa ikiwa na springi ya bamba moja tu kila upande wa nyuma. Ilikuwa nyepesi, rahisi kutengeneza, na laini kwa abiria. Lakini wenye injini kubwa walipokanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yalidunda. Mwaka 1968 Chevrolet ikarudisha mabamba mengi kwenye Camaro zenye nguvu, na amotisa za nyuma zikawekwa moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ili kuzuia kule kudunda.

Mwaka 1981 kampuni hiyohiyo ilipata njia nyingine. Kwenye Corvette, springi ya nyuma ya kukingama ilikuwa rundo la mabamba 10 ya chuma lenye uzito wa kilo 18 na nusu hivi. Mahali pake liliwekwa bamba moja la faibaglasi lenye kilo 3.6 hivi. Kazi ilikuwa ileile, na uzito haukufika hata robo. Lakini waliweza kwa sababu walijua hasa gari litabeba nini: watu 2 na mizigo yao midogo. Hakuna aliyepanga kupakia magunia ya viazi kwenye Corvette.

Hilo ndilo jambo la kwanza kumwambia kijana. Mtu wa mashindano hachagui springi nyepesi kwa sababu nyepesi ni nzuri. Anapima gari lake, mbele na nyuma, ndipo anachagua springi inayolingana na uzito ule na barabara ile.

Mtu atasema, hiyo ni lami laini ya Marekani, huku kwetu ni mawe. Basi tuje karibu na kwetu. Mwaka 1953 walianzisha Safari Rally, mbio za magari zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Zilikimbiwa karibu na Pasaka, wakati wa mvua, kwa maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena.

Madereva wakubwa wa Ulaya walikuja na magari yao ya nguvu na kwa miaka mingi walishindwa na wenyeji. Joginder Singh wa Kenya, mzaliwa wa Kericho, fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, alishinda mwaka 1965 na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer, gari dogo lenye springi za mabamba nyuma, mfano uleule ulio chini ya pikapu zetu. Hannu Mikkola wa Finland ndiye mgeni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, mwaka 1972, na Ford Escort yake nayo ilikuwa na mabamba nyuma. Mwaka uliofuata mshindi alikuwa Shekhar Mehta. Familia nyingi hapa zitamwelewa haraka: alizaliwa Uganda, na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, akahamia Kenya. Ndani ya mwaka mmoja akashinda Safari na Datsun 240Z, na baadaye akashinda mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Magari yale yalipita kwenye mashimo kama yetu, hata mabaya zaidi. Je, waliongeza mabamba hadi springi zikasimama kama ukuta? Hapana. Gari la Safari lilihitaji springi yenye nguvu, ndiyo, lakini inayopinda. Springi ikiwa ngumu kupita uzito wa gari, pigo la shimo halipotei. Linapanda kwenye chasi, kwenye mahali palipochomelewa, kwenye mgongo wa dereva. Gari linaanza kupasuka polepole hata kama springi yenyewe ni nzima. Tangu mwaka 2003 kuna mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic, na Escort zile bado zinakimbia huko zikiwa na mabamba nyuma.

Sasa turudi hapa kwetu.

Barabara ya kitaifa nambari 2 inashuka kutoka Rutshuru, inapita Rugari, Kibumba na Kibati, ikiingia Goma. Ndiyo njia ya kabichi, viazi, maharagwe, mbao na makala. Ni barabara iliyoishi na Nyiragongo. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka usiku, ikaikata barabara hii kati yetu na mji, na watu wakatembea juu ya mawe yenye moto ili kutafuta ndugu. Lava ile ilipotandazwa, malori yakaanza kupita tena juu yake. Hakuna springi inayopenda njia kama hiyo.

Lori likibeba sana, mkia unakaa chini. Tajiri anaona mkia umekaa, anamwambia fundi: ongeza bamba. Fundi anaongeza. Kesho yake lori limebeba magunia yaleyale, lakini limesimama sawa, na kila mtu ameridhika. Ndipo magunia mengine yanaongezwa.

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri. Springi inapokaa chini, inasema. Inasema: uzito huu umezidi. Ukiongeza bamba, lori haliwi na nguvu zaidi. Umeifunga mdomo springi tu. Breki ni zilezile. Matairi ni yaleyale. Ponti ni ileile, beringi zilezile. Kwenye mteremko wa Kibumba kuja Kibati, uzito wote ule unasimamishwa na breki zilezile zilizotengenezwa kwa uzito mdogo. Na lori hilo likirudi tupu, springi zake ngumu hazipindi tena. Magurudumu ya nyuma yanarukaruka kwenye mawe, na gurudumu lililo hewani halishiki breki.

Ninayaandika haya nikiwa na sababu yangu. Mwishoni mwa Oktoba 2008, vita vilipofika Kibumba, nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya sekondari. Maelfu ya watu walishuka kwa miguu kuja Kibati. Sisi tulipata bahati, ama tuliona ni bahati: lori lililokuwa na viazi lilikubali kutupakia juu. Bibi yangu aliwekwa nyuma kabisa, kwenye magunia, juu ya ponti, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Lori lilikuwa limesimama sawa, halikukaa chini hata kidogo. Mimi niliona ni lori lenye nguvu.

Kila jiwe lilimrusha bibi. Alianza kwa kulalamika, halafu akanyamaza, na kunyamaza kwake kulinitia hofu kuliko malalamiko. Karibu na Kibati tulisikia mlio kama bunduki, watu wakalala juu ya magunia wakidhani tumefikiwa. Ilikuwa boloti ya katikati ya springi. Mabamba yalisogea, ponti ikarudi nyuma upande mmoja, lori likaenda kombo hadi kwenye mawe ya kando, likasimama. Hapakufa mtu. Bibi tulimbeba mgongoni hadi kambini, na mgongo wake haukurudi kama zamani hadi alipotuacha. Miaka mingi baadaye, fundi mmoja aliponieleza jinsi boloti ile inavyokatika chini ya rundo lililoongezwa mabamba na kufungwa vibaya, ndipo nilipoelewa safari ile.

Tangu hapo watu wa barabara hii wamepanda malori tena mwaka 2012, na tena mwaka 2022, na tena mwanzoni mwa 2025 kambi zilipovunjwa na watu wakarudi walikotoka ama wakaenda kwingine. Mwenye kukimbia hachagui gari. Lakini mwenye gari anachagua springi.

Tusisahau mwalimu wetu wa hapa hapa: chukudu. Ilitokea Kivu Kaskazini katika miaka ya 1970, na hadi leo inashuka kutoka Kibumba na magunia yake, hadi mji ukaisimamishia sanamu. Ni mti mgumu na mikaratusi, magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Nyuma haina springi yoyote. Mpira ule, na mti wenyewe kupinda kidogo, ndiyo springi yake. Lakini mwenye chukudu hadanganyiki juu ya uzito, kwa sababu anausukuma kwa kifua chake kwenye kila mpando. Anajua gunia moja lililozidi litamfanya nini kwenye mteremko. Dereva wa lori angelisukuma lori lake kutoka Goma hadi hapa mara moja tu, asingeongeza bamba kirahisi.

Najua madereva wengine watasema: wewe unaandika tu, sisi tuna watoto wa kulisha, na safari moja yenye magunia machache hailipi mafuta wala vizuizi vya njiani. Ni kweli. Siandiki kumhukumu mtu. Kuna lori ambalo bamba lake limekatika na linahitaji jingine, huko ni kutengeneza. Kuna pia lori la zamani ambalo springi zake zimechoka na kulegea, na kurudisha upinde wake ni haki yake. Kubaya ni kuongeza juu ya idadi ya kiwanda ili kuficha mzigo.

Kwa mafundi, mzee wa garaji alinipa maneno haya niyafikishe. Mabamba ya kulia na kushoto yawe na idadi sawa na unene sawa, la sivyo lori litavuta upande mmoja likikanyagwa breki. Boloti ya katikati iliyotumika isirudishwe. Zile boloti za umbo la U zinazobana ponti zikazwe tena baada ya siku chache za kazi, maana mabamba mapya yanajipanga na kuacha nafasi.

Kwa familia zinazosafiri, tazameni kabla ya kupanda, hata kama ni dakika moja. Inama nyuma ya gurudumu. Ukiona bamba lililopasuka, ama springi iliyopinda kwenda juu badala ya chini, ama upande mmoja umekaa kuliko mwingine, mwambie dereva mbele za watu, kwa heshima. Mama mjamzito, mzee na mgonjwa wakae karibu na kabini. Wasikae nyuma ya ponti, maana huko ndiko pigo la springi linakorusha zaidi. Kama lori ni tupu, mruko ni mkubwa kuliko likiwa na mzigo wa kadiri.

Nilirudi garajini kumpa kijana jibu lake. Nilimwambia kwamba yule Mmarekani anapima kwanza, ndipo anatoa ama anaongeza. Siku akiongeza uzito kwenye gari lake, naye ataongeza chuma. Kosa ni letu sisi tunaoongeza bila kupima.

Mzee alisikiliza, akafuta mikono kwa kitambaa. Ile Fuso ilikuwa imeondoka kitambo. Nilimuuliza kama aliliweka lile bamba.

"Nililiweka," akasema. "Mwenye gari alilipa. Lakini kesho akirudi nitamwambia haya, na nitasema ni redio imesema."

Basi mzee, redio imesema.

Kutoka Kibati, teritware ya Nyiragongo, ni mimi mwandishi wenu. Safari njema kwa wote walio njiani.